Siku ya Kufunga Maji

Miaka kumi na moja Nyamizi aliwapampia tembo maji ya kisima, na leo ametumwa kuyafunga. Amri yenyewe haikuwa na ubaya: nyasi kuzunguka birika la kunyweshea zilikanyagwa hadi pakawa peupe kama upara wa hakimu. Wanyama waende mtoni, malisho yapumue.

"Funga twende, dada," alisema Masunga, askari mwenzake wa hifadhi. "Au unangoja wakusomee risala?"

"Namngoja bibi."

Bibi ni tembo jike mzee, mguu wa nyuma umelemaa kwa mtego. Wenzake walishaondoka alfajiri kuelekea mtoni. Yeye kilomita ishirini asingezimaliza.

Alifika mchana akichechemea, akanywa taratibu kama mgeni anayeona aibu kumaliza chai. Nyamizi alimwacha ashibe, kisha akaizungusha koki mpaka ikagoma.

Masunga, mwenye utani hata msibani, safari hii alitazama viatu vyake.

Walipowasha gari, bibi hakuelekea popote. Aliulaza mkonga ukingoni mwa birika tupu, akatulia, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.