Msimu Mbaya wa Bellwood

Kipenga cha mwisho kililia huku vijana wa chuo cha Bellwood wakiwa wamefungwa thelathini na nane kwa sifuri, na wanafunzi wao wakarusha kofia juu kwa furaha.

Orville Stamm, kocha wao mpya, alidhani hawajui kuhesabu. Lakini hiki kilikuwa chuo cha udaktari. Kuhesabu walijua.

Aliletwa Missouri kutoka Ohio mwaka 1909, yeye na mkewe Hattie mwenye mimba kubwa. Mkuu wa chuo, Dakta Whitlow, hakumficha neno. Wakaguzi wa serikali wangekuja Desemba. Wasiporidhika, chuo kingefungwa na kila mtu angeshika njia yake.

"Msimu huu wa mpira ndio utakaotuokoa, bwana Stamm," alisema Mkuu. "Ukienda vizuri, kazi ni yako. Ukienda vibaya, sote tumekwisha."

Kwa Orville, kwisha maana yake ilikuwa kurudi kulisha nguruwe wa baba mkwe, mzee aliyetangaza kanisani kwamba kijana huyu asingefika Krismasi kazini. Nguruwe hakuwaogopa. Aliyemwogopa ni mzee.

Basi akafundisha kwa moyo wote. Mpira wao, ule wa kubebwa mikononi na kuangushana, aliujua vilivyo. Alichora mbinu ubaoni, wachezaji wakaitikia "ndiyo, kocha", kisha wakaingia uwanjani na kumvamia mtu wa kwanza waliyemwona, awe na mpira asiwe nao.

"Rufus, kamata mpira!" alimfokea nahodha wakati wa mapumziko.

"Mpira hauna mbavu, kocha."

"Mwamuzi anatuadhibu kila dakika!"

"Mwache aadhibu, mzee. Sisi tunajenga chuo."

Michezo yote ilichezwa nyumbani, na chuo ndicho kilichowalipia wageni nauli ya treni. Baada ya kila kipigo Mkuu alikuja kumpa Orville mkono.

"Vijana wetu wazima?"

"Wazima, Mkuu. Ila tumefungwa..."

"Na wageni?"

"Wawili wamebebwa kwa machela."

"Maskini," alisema Mkuu, akaondoka akipiga mluzi.

Orville alimwambia mkewe kwamba Mkuu ni muungwana kwelikweli. Hattie alikuwa akimenya viazi, na hakuinua macho.

"Muungwana hapigi mluzi msibani. Huyo ameshapata kocha mwingine, baba. Anza kufunga mizigo."

Novemba wakaja vijana wa chuo cha wachungaji, watu wapole waliokimbia kila waliposogelewa, na mara mbili wakauacha mpira chini ili kuepuka ugomvi. Bellwood wakashinda kumi na mbili kwa sifuri. Orville alilia kwa furaha. Alipogeuka, alimkuta Rufus naye analia, lakini si kwa furaha. Usiku ule Hattie alioka bata mzinga kwa ajili ya timu nzima, na hakuja hata mmoja. Kesho yake Mkuu alimpita njiani kama hamjui.

Hapo Orville akakata tamaa. Mtu anayenuniwa kwa kushindwa anaweza kujirekebisha, lakini anayenuniwa kwa kushinda aanzie wapi? Wakaguzi walipofika, alivaa koti lake la kanisani na kwenda kuaga kabla hajafukuzwa. Karani akamwambia Mkuu yuko juu, hospitali ya chuo, pamoja na wageni.

Alipanda ngazi, kofia mkononi, akasukuma mlango.

Kila kitanda kilikuwa na mtu. Karibu na dirisha alilala yule jitu aliyewafunga mara nne mwezi wa kumi, mguu umening'inizwa kwa kamba. Ndugu wawili wa timu ya Kirkham walikuwa wakicheza karata kwa mkono mmoja mmoja. Rufus na wenzake, wamevaa makoti meupe, walizunguka wakifunga bandeji kwa upole wa ajabu.

"Hongereni sana," mkaguzi mkubwa alikuwa akisema. "Mwaka jana wanafunzi wenu walikuwa na wagonjwa watatu tu wa kujifunzia, na mmoja alikuwa mpishi."

Mkuu alimwona Orville, akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Mkataba wa miaka mitano, bwana Stamm, na nyumba pia. Ila mwakani jitahidini kwenye mabega. Miguu imetutosha."