Viti vya Sebuleni

Siku hizi saratani ya mapafu iliyowahiwa hutolewa kupitia tundu dogo ubavuni, na sheria haimhesabu tena aliyetolewa kuwa mgonjwa. Halazwi, hapewi mapumziko, na kanisani jina lake halisomwi kwenye maombi ya wagonjwa.

Eliwaza alitoka hospitali kabla ya mchana. Alipanga viti sebuleni, akachemsha birika zima la chai. Zamani mama yake alipopasuliwa kifua, kina mama wa jumuiya walijaa mpaka uani, wakamwekea mikono na kumwombea.

Jirani yake Nanzia alichungulia mlangoni, kapu la sokoni mkononi.

"Karibu ndani. Nimetoka kutolewa saratani."

"Hongera! Mume wangu naye alitolewa juzi, akarudi kupalilia migomba." Nanzia akatazama viti, akacheka. "Vyote hivi, kuna harusi?"

"Nilidhani tungesali kidogo."

"Kwani unaumwa, dada?"

Eliwaza alijigusa ubavuni. Hapakuuma hata kidogo. Nanzia akaaga, akawahi sokoni.

Chai ikapoa. Eliwaza alipiga magoti peke yake, akamshukuru Mungu kwa moyo wote, maana kweli alikuwa amepona. Aliposema amina, hakuna aliyeitikia.

Baada ya miezi kadhaa alirudi kupimwa. Daktari alikuta doa jipya kwenye pafu la pili.

"Usiogope, mama. Ni tundu tu."

Eliwaza aliukumbatia mkoba wake.

"Daktari, ile ya zamani ya kupasua kifua, bado mnaifanya?"