Jani Kavu Mlangoni

Wanyama wa bonde fulani walikuwa na desturi yao: aliyeko nyumbani huweka jani bichi mlangoni kila asubuhi, na anayesafiri huliacha likauke. Basi Buku, panya aliyejiona bingwa wa kusoma dalili, akaona jani kavu kwa jirani yake Bi Nungunungu.

"Jani limekauka, kwa hiyo mwenyewe hayupo. Hayupo, kwa hiyo karanga zake hazina mlinzi," akajisemea, akaingia na kikapu.

Ndani akasikia sauti dhaifu. "Ni wewe, Buku mwanangu? Siku ya nne hii homa imenilaza, hata jani sijaweza kubadilisha. Nilimwomba Mungu aniletee mwenye akili ya kulitambua hilo."

Buku alitamani kuitikia tu, lakini kikapu kilimsuta. "Shangazi, nimemkosea Mungu na wewe pia. Nilikuja kuiba karanga."

Bi Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana. "Kumbe dua yangu imepokelewa na mwizi. Haya, nipe maji kwanza, kisha uzimenye hizo karanga tule wote."

Tangu siku hiyo, Buku akiona jani kavu hupiga hodi, na kikapuni hubeba kibuyu cha maji.