Rondela Iliyotolewa

Serge hakuwa na saa ya kupimia presha ya mazutu, ile dizeli ya lori lake. Hakuwa na filta mpya, wala simu yenye chaji, wala dereva mwenzake wa kumpokea usukani. Subira ndiyo hakuwa nayo kabisa, maana binti yake Elsa alikuwa amelazwa hospitalini Kasongo, malaria imemmaliza damu, na katika ukoo mzima damu iliyofanana na ya mtoto ilikuwa ya baba yake peke yake.

Na baba huyo alikuwa amekwama Lusangi. Mto wa mbele ulikuwa umefurika, pikipiki zote zimelazwa ukingoni. Lori tu ndilo lingeweza kuvuka. Lori lake lenyewe, kuukuu, la pua ndefu, kila lilipokanyagwa mafuta lilikohoa, likazimika.

"Hii gari inakohoa kuliko bibi yangu," alisema Kamaldine, mziba mipira ya magurudumu wa pale barabarani. "Tena bibi yangu akishakohoa anaamuka, anapika!"

Watu wakacheka. Fundi Dominique hakucheka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini, sikio chini, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Aliisafisha filta kwa petroli, akalegeza skurubu iliyo juu yake, akaanza kusukuma pampu ya mkono. Povu likatoka. Akasukuma mpaka hewa ikaisha na mazutu yakatoka safi, ndipo akakaza. Kisha akaunga saa yake ya presha kwenye bomba.

"Washa."

Serge akawasha, akakanyaga. Mshale ukapanda kidogo, ukatetemeka, ukaanguka.

"Presha haikai," alisema fundi. "Springi ya vali ya kurudishia imechoka. Mazutu yanakimbilia kwenye tangi kabla injini haijashiba."

Akaifungua vali. Nyuma ya springi akatia kiduara chembamba cha chuma, kile ambacho mafundi hukiita rondela, ili springi ibane zaidi.

"Washa tena."

Safari hii mshale ulipanda, ukasimama palepale panapotakiwa. Serge alikanyaga hadi mwisho, na lori likanguruma hata kuku wa jirani wakatawanyika.

"Merci, baba!" alipiga kelele. "Merci sana! Iko muzuri?"

"Iko muzuri. Hata mlima wa kule itapanda inakimbia."

Wakati huo Mama Véronique, mke wa fundi, alikuwa akishuka kutoka kilimani, mahali pekee ambapo mtandao ulishika. Alikuwa amepanda kuwapigia watu wa Kasongo, wajue kwamba Serge yuko njiani. Alimfikia kwanza mume wake, wakasemezana kidogo. Kisha akaja kwenye mlango wa lori.

"Mama, wamesema nini?"

"Nimesema na kaka yako mukubwa, Gédéon. Wanakungoja."

"Na mutoto?"

"Wanakungoja weye tu, mwanangu."

Serge akashusha pumzi. Kama wanangoja, basi daktari bado ana tumaini. Akashika gia.

"Usiende kwanza," alisema fundi.

Akachukua spana yake, akairudia ile vali, akaitoa rondela na kuitia mfukoni. Akafunga. Mshale sasa uliishia katikati. Injini haikuzimika, lakini nguvu yake ilikuwa ya mzee anayepanda kilima kwa fimbo.

Serge akaruka chini. "Unafanya nini? Sasa hivi umesema iko muzuri!"

"Nilisema. Sasa nasema itembee polepole, ufike muzima."

"Polepole! Mutoto wangu anakufa, na weye unaniambia polepole?"

Fundi alikuwa akikusanya spana zake.

Hapo Serge akaona amemjua. Mafundi wa barabarani ni walewale: wanakuponya nusu ili urudi kwao. Akamwambia usoni, mbele ya watu, "Weye ni muchawi wa gari za watu. Mungu akulipe!"

Lusangi nzima ilijua hasira za Dominique. Lakini alipangusa mikono tu, akainamisha kichwa.

"Amina," alisema.

Serge alitoa pesa; fundi akausukuma mkono wake. Mama Véronique akaleta bukari, ugali wa huko, na samaki, akasimama mlangoni. "Kula kwanza, baba. Njia ni ndefu. Kula." Serge alimeza matonge bila kutafuna, ili tu wamwachie aende. Kamaldine, ambaye hakuna aliyemwita, alikuwa amekwisha kupanda upande wa pili na koti lake.

"Nakusindikiza, kaka. Ukichoka nitashika usukani."

Serge alingoja mzaha ufuate. Haukufuata.

Mwisho fundi alikuja na bahasha. Gundi hakuwa nayo. Alimega bukari kidogo kwenye sahani, akaipaka kwenye ulimi wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika.

"Ya Gédéon. Umupe mukononi."

"Ndiyo bili yako?"

"Ni mambo ya wakubwa."

Serge aliitupa barua chini ya kioo cha mbele, akaondoa gari. Lori liliingia mtoni polepole, likatoka ng'ambo polepole, likaanza kupanda. Alilikanyaga kwa hasira zake zote. Halikukubali kukimbia.

Mama Véronique alisimama akilipungia mkono mpaka mlio wa injini ukapotea nyuma ya mlima. Ndipo alipofungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kwenye matope, na kuupiga ule ukelele wa msiba aliokuwa ameumeza tangu kilimani.