Taarifa ya Habari ya Jumamosi

Kanda hii nayo ilikuwa bubu. Fundi aliichomoa kwenye mashine kabla haijamaliza hata dakika, akaitupa kwenye boksi pamoja na zile nyingine.

"Unyevu umetumaliza," alisema, bila kumwangalia mtu.

Kituo cha televisheni cha mkoa kilikuwa kimefungwa zamani. Kilichobaki ni chumba hiki cha chini, rafu zenye ukungu, bomba lililovuja mpaka likachoka, na yeye, aliyeachwa azilinde kanda zisizouliziwa na yeyote. Mpaka leo asubuhi, alipoingia binti mmoja na baba yake.

Binti alikuwa amejieleza pale pale mlangoni. Marehemu mama yake alionekana kwenye taarifa ya habari ya Jumamosi miaka nenda rudi, na nyumbani hawakuwa na hata kipande kimoja.

"Baba anatamani mama aongee naye tena," alisema. "Hata kidogo tu."

Fundi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Naye alikuwa mjane. Kwenye simu yake bado alikuwa na ujumbe wa sauti wa mkewe, wa kumkumbusha anunue sabuni.

"Mzee, leo utamsikia," aliahidi.

Mzee alimtazama binti yake, kisha akatabasamu, akaketi.

Sasa ilikuwa alasiri na ile ahadi bado haijatimia. Alikuwa amesafisha mashine, amebadilisha waya, ameizaba makofi. Kila kanda ilianza vizuri, picha safi kwenye runinga iliyomwelekea yeye, halafu kimya. Akaichomoa. Akatia nyingine. Kimya.

"Fundi, hebu iache hiyo tuione," binti alisema.

"Picha bila sauti ya nini, dada? Nitakuwa nimemdanganya mzee wa watu."

"Hapana, fundi, baba hana..."

"Nipe nafasi, dada yangu. Niko kazini."

Aliwalaani kimoyomoyo wote waliofunga milango na kuondoka, wakaacha miaka yote hiyo ioze kama magunia ya viazi. Akatia kanda ya mwisho. Akazungusha kitufe cha sauti hadi kikagoma. Hata mkwaruzo haukutoka.

Safari hii hakuichomoa. Nguvu zilikuwa zimemwishia.

"Nisameheni," alisema. "Sauti imekufa kwenye kanda zote."

Akawapa mgongo, maana hakuwa na uso wa kumtazama mzee. Nyuma yake binti aliigeuza runinga taratibu, ikamwelekea baba yake. Kiti kikakwaruza sakafu.

Fundi alipogeuka, mzee alikuwa amesimama karibu kabisa na kioo, analia huku anacheka. Mikono yake miwili ilikuwa ikimjibu, kwa lugha ya alama, mwanamke aliyekuwa kwenye kiduara kidogo pembeni ya mtangazaji.