Kamba ya Kumi na Tisa

Chai haijapoa, Fundi Chande alikuwa ameshatia saini fomu zote arobaini za ukaguzi, moja kwa kila kamba ya wachimba visima. Kamba zenyewe zilikuwa bado zimerundikwa sakafuni. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akikagua kamba kwa macho tu. Utaratibu wa fomu, unaotaka kila kamba ivutwe kwa uzito kwanza, ulianzishwa na msimamizi mpya, Bi Sikitu, miezi mitatu tu iliyopita.

Bi Sikitu alizipitia bila haraka. "Zote umezivuta, fundi?"

"Zote nzima, mama."

"Basi chagua moja, ushuke nayo kisima cha hapo uani."

Chande akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akainama, akafunga kamba ya kwanza kwenye ndoano ya ukutani, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote. Ikahimili. Akachukua ya pili.

Ya kumi na tisa ilikatika, ikamwangusha chali. Alibaki pale chini, kipande mkononi, akikitazama.

"Bi Sikitu," aliuliza, "zile nilizotia saini mwezi uliopita zilikwenda visima gani?"

Bi Sikitu alikuwa ameshafungua daftari la kamba zilizotoka, kidole chake kikishuka ukurasani, mstari kwa mstari.