Taa Mpya ya Barabarani

Kwa miaka minne Mwalimu Shebughe alikuwa akipiga picha za nebula moja, wingu la gesi lililo mbali katikati ya nyota, kwa kamera aliyoifunga kwenye darubini juu ya paa lake. Ulibaki usiku mmoja tu akamilishe picha yake. Jioni hiyo taa mpya ya barabarani ikawashwa, na anga lote likafifia.

Swichi ilikuwa barazani kwa Mama Hidaya, aliyeipigania taa hiyo tangu bintiye alipogongwa na gari akafa. Mwalimu akamwendea.

“Mama Hidaya, naomba uizime kwa saa mbili tu. Leo tu.”

Mama huyo hakukasirika. “Dereva alisema hakumwona, Mwalimu. Mwanangu alivaa gauni jeupe, na bado hakumwona.”

Usiku ule wa ajali, Mwalimu alikuwa juu ya paa lake. Alikumbuka jinsi alivyolifurahia giza.

Akaketi kando ya Mama Hidaya. Msichana mmoja akavuka barabara na ndoo kichwani, nao wakamfuata kwa macho mpaka alipotoka kwenye mwanga.